Siku Mwandoe Alipofunguliwa Hasi

Watu wengi huota usiku. Mwandoe aliota mchana kweupe, Jumamosi iliyopita, akiwa amejilaza ndani ya gari lake, sehemu ya nyuma, juu ya godoro la dukani ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

Kwanza mjue huyu Mwandoe ni nani. Ana duka la magodoro pale Voi, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema kwamba hajui. Muulize dawa ya kipandauso, atakutajia. Muulize kwa nini ndege haianguki, atakueleza, tena kwa mikono. Mwaka juzi dereva mmoja mgeni alimuuliza njia ya kwenda Malindi. Mwandoe, ambaye hajawahi kufika Malindi, alimwonyesha kwa kidole bila kusita, na jioni yule dereva alionekana Taveta akiuliza bahari iko upande gani.

Mkewe, Mkawasi, ni daktari wa mifugo. Kazi yake ni kupeleka chanjo za mbuzi huko kusikofika lami, na ndiyo sababu walinunua gari lile kuukuu lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Chanjo hazitaki joto, kwa hiyo nyuma waliweka friji ndogo. Safari iliyopita, kule upande wa Kasigau, friji ilinyonya betri ya gari mpaka ikakauka. Gari likakataa kuwaka, friji ikazima, chanjo zikapata joto zikamwagwa. Kabla Mkawasi hajapata nyingine, sotoka, tauni ya mbuzi, ilikuwa imeshaingia, na bibi mmoja aitwaye Mkamburi alibaki na zizi tupu. Mkawasi alirudi nyumbani akaketi kizingitini, wala hakugusa chakula.

Ndipo likaja wazo la betri ya pili. Moja ya kuwasha gari, moja ya kulisha friji, na katikati kifaa cha kuzitenganisha ili friji isije ikala ya mwenzake.

"Tumwite fundi wa umeme," Mkawasi alisema.

"Wa nini? Ninajua."

Alikuwa ameangalia video. Mwenye video alizungumza Kireno, na Mwandoe aliiangalia bila sauti ili asimwamshe mtoto wao, Mghoi.

Jumamosi ile, kufikia adhuhuri, betri mpya ilikuwa imekaa kando ya injini na waya mnene mwekundu umeshapitishwa. Mkawasi alichungulia chini ya boneti. "Baba Mghoi, mbona fyuzi iko bado ndani ya pakiti?"

"Fyuzi ni ya watu wasiojua wanachofanya."

"Jumatatu natoka na chanjo. Sitaki kumwaga tena."

"Mama Mghoi. Ninajua."

Ilibaki kufunga ncha ya mwisho tu. Jua lilikuwa kali, godoro lilikuwa karibu. Akasema atapumzika kidogo, na hapo ndipo alipoota.

Katika ndoto yuko palepale, mbele ya boneti, na spana namba kumi imesimama juu ya radieta ikimtazama.

"Wewe ulikuwa umepotea," Mwandoe anaiambia.

"Mimi sipotei," spana inasema. "Huwa naondoka. Umesoma kanuni ya kwanza?"

"Ninajua. Kabla ya kazi yoyote, unafungua ncha hasi ya betri kwanza."

"Vizuri. Geuka."

Mwandoe anageuka. Spana inampanda mgongoni kama mjusi, inafika kisogoni, inashika kitu ambacho hakujua kuwa anacho, na kukizungusha. Hakiumi. Kinalia *kri, kri, kri*, kisha kinatoka. Spana inashuka ikiwa imekibeba kwapani: kipande cheusi cha chuma, kidogo kama kifungo cha koti.

"Ndiyo hasi yako hiyo," inasema. "Sasa uko salama. Huwezi kumpiga mtu shoti."

Mwandoe anataka kusema hapana, kanuni hiyo ni ya betri, si ya watu. Anafungua mdomo.

"Ndiyo," anasema. "Ni sawa kabisa."

Anajaribu tena. Neno "hapana" halipo. Analitafuta kwa ulimi huku na huku, kama mtu aliyeng'olewa jino. "Si" halipo. "Sitaki" halipo. "Siwezi" limeondoka na vyake vyote. Spana nayo imeshaondoka.

Pale mbele ya boneti sasa ni duka lake la magodoro. Hakuna mlango aliopitia, lakini foleni ya wateja imefika barabarani.

"Godoro hili linaponya mgongo?" anauliza wa kwanza.

"Linaponya."

"Na kisukari?"

"Nacho pia."

Mzee mmoja mwenye tai anamuuliza kama anaweza kuwa mgombea. Anaweza. Kama akishinda atajenga daraja. Atajenga. Kama mto upo. Upo. Watu wanampigia makofi, wanambeba juujuu, na mwanamume mmoja aliye chini ya paja lake la kushoto anamwambia mwenzake kwamba huyu ndiye kiongozi wamtakaye, hana tabia ya kukataa.

Kinachomshangaza Mwandoe ni jinsi isivyokuwa tofauti sana na siku zake nyingine.

Wanamtua. Sasa ni kwenye zizi, nyanda kavu, miba kote kote. Mkawasi amesimama na boksi la chanjo linalovuja maji, na mbele yake mbuzi wamepanga foleni, kila mmoja amejifunga leso kichwani kama mtu aliyetoka msibani.

"Baba Mghoi," Mkawasi anamwambia, taratibu kama anavyosema hata nje ya ndoto, "betri iko sawa? Niwaambie hawa wangoje?"

Mwandoe anatazama gari. Moshi mwembamba unatoka chini ya boneti. Anataka kusema wasingoje. Anataka kusema asimsikilize.

"Iko sawa," anasema. "Wangoje."

Mkawasi anawageukia mbuzi. "Mume wangu anasema mngoje."

Mbuzi wanakaa chini. Wanajua kungoja, ni kazi waliyoizoea. Kisha mmoja anakohoa, analala ubavu, na hainuki. Wa pili naye. Hakuna anayelia wala kulalamika, wanalala tu mmoja baada ya mwingine kama taa za mtaa zinazozimwa. Wa mwisho ni mbuzi jike mweupe mwenye ndevu chache. Anamkaribia Mwandoe na kumnusa mkono.

"Ni wewe uliyesema unajua?" anauliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unajua?"

Hapo Mwandoe anasukuma kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo inamtoka, machozi yanamlengalenga. Lile neno analiona kabisa, liko ng'ambo, fupi, la herufi chache tu.

"Nilikuwa ninajua," anasema, na ni mara ya kwanza maishani maneno hayo yanamchoma koo.

Mbuzi anatikisa kichwa. "Basi una tatizo kubwa kuliko la kwetu. Kaitafute hasi yako. Itakuwa imeshafikishwa inakofungwa."

"Inafungwa wapi?"

"Kila mtu anajua. Hasi hufungwa kwenye bodi ya gari."

Na kweli, mlango ulio mbele yake umeandikwa BODI. Ni mlango wa gari lake mwenyewe, upande wa abiria, ule usiofunguka mpaka uupige teke. Anaupiga teke.

Ndani kuna chumba kirefu chenye zulia, meza ndefu, chupa za chai, na sahani za maandazi. Mwenyekiti wa Bodi ni Bampa ya Mbele, amebonyea mashavu yote mawili. Amekuwa mbele maisha yake yote, na kila kitu alichokijua amekijua kwa kukigonga. Kulia kwake ameketi Honi, katibu, ambaye hukatiza kila mtu. Kushoto ni Giaboksi, mnene, anatafuna andazi kwa meno yake ya mraba yanayozunguka. Mwishoni mwa meza amejinyoosha Gurudumu la Akiba, mjumbe ambaye tangu ateuliwe hajawahi kugusa ardhi, na ambaye sifa yake pekee ni kwamba hana mchubuko.

Kipande cheusi cha Mwandoe kipo katikati ya meza, juu ya kitambaa, kama kombe.

"Umekuja kuchukua hasi," Bampa anasema.

"Ndiyo."

"Bodi imejadili. Bodi inaona umekuwa mtu mzuri zaidi bila hiyo. Kuna anayepinga?"

"Hakuna," anasema Honi kabla mtu hajavuta pumzi.

Karibu na mlango amesimama kiumbe kidogo, mwili wa kioo, ndani yake uzi mmoja wa fedha. Hakupewa kiti. Mwandoe anamtambua. Ni Fyuzi, bado ana kipande cha pakiti begani.

"Mimi napinga," Fyuzi anasema. "Betri mpya muunganisheni mnavyotaka, ila mimi niwe karibu na betri. Ndiyo kanuni."

"Kazi yako hasa ni nini?" anauliza Gurudumu la Akiba, bila kuinuka.

"Kuungua kabla ya wengine."

Wajumbe wanacheka kwa adabu.

"Huo ni mzigo kwa taasisi," Bampa anasema. "Bodi hii imekaa miaka mingi bila kuungua. Na mwenye gari yuko hapa, tumuulize yeye. Bwana Mwandoe, Fyuzi anahitajika?"

Mwandoe anamwangalia Fyuzi. Fyuzi anamwangalia yeye, bila chuki, kama mtu anayejua jibu na bado ana heshima ya kungoja.

"Anahitajika," Mwandoe anasema.

Wajumbe wote wanamgeukia. Mwandoe mwenyewe anashangaa. Amegundua kwamba kumbe hata bila hasi mtu anaweza kuwa mkweli, ila tu hakuwa na mazoea.

"Amechoka na safari," Bampa anaamua. "Unganisheni moja kwa moja."

Betri mpya inaletwa kwenye kiti cha magurudumu. Ni kijana mwenye nguvu, amefungwa mkanda kifuani, na macho yake yanang'aa kwa hamu ya kusaidia. "Mnaniunganisha na nini?" anauliza.

"Na kila kitu," Honi anamjibu.

Waya mwekundu unashuka kutoka darini na kukatisha juu ya ukingo wa meza, pale palipo na makali. Ncha inagusa. Waya unavimba, unakuwa mwekundu zaidi ya wekundu wake, zulia linaanza kunuka nywele zilizoungua. Betri anapiga kelele kwamba hajui kuacha, hakuna aliyemfundisha kuacha. Wajumbe hawaondoki. Kila mmoja anamtazama mwenzake ili aone kama kuondoka kumeruhusiwa.

Fyuzi anatembea, hakimbii, anapanda juu ya meza, anashika waya kwa mkono huu na betri kwa mkono ule.

"Jumatatu mama anatoka na chanjo," anamwambia Mwandoe. "Tafuta mwenzangu."

*Tik.*

Ni sauti ndogo sana. Uzi wa ndani umekatika, kioo kimeingia weusi, na giza la baridi limejaa chumbani kisha likaondoka. Waya umepoa. Fyuzi amelala mezani kati ya vikombe.

Bampa anakohoa. "Katibu, andika kwamba Bodi imezuia moto."

"Kwa kauli moja," anasema Honi, akiandika.

"Na hiki kioo kifagiliwe."

Mwandoe hakumbuki alivyofika mezani. Anakumbuka tu kwamba hakuomba ruhusa. Alikiokota kile kipande cheusi na kukisukuma kisogoni kwa gumba, akakikaza kwa vidole mpaka ngozi ya vidole ikachunika. *Kri, kri, kri.*

"Bwana Mwandoe," Bampa anasema kwa sauti ya kutisha, "unajua unachokifanya?"

"Sijui," Mwandoe anasema.

Neno linatoka lote, zima, na halimuumizi popote. Analirudia, kwa kuwa lina ladha ya maji. "Sijui. Sijui waya unapita wapi. Sijui Kireno. Malindi sijui iko upande gani."

Honi anafunga mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu atengenezwe. Gurudumu la Akiba anaanza kupoteza upepo taratibu. Giaboksi anaacha kutafuna, anaitazama sahani, anatazama mlango, kisha analitia andazi lake lililobaki chini ya betri mpya, kwenye kitako cha chuma alichokalia.

"Nitalimalizia," anasema, na meno yake yanasimama.

Mwandoe aliamka. Nailoni ya godoro ilikuwa imemganda shavuni. Mkawasi alikuwa mbele ya gari, ameinama chini ya boneti.

"Baba Mghoi, umeamka? Huu waya mwekundu umeuegemeza kwenye chuma chenye makali. Gari likitikisika si utakatika? Ni sawa hivyo?"

Mwandoe aliteremka. Lile jibu lake la siku zote lilikuwa tayari, limesimama ulimini na viatu vyake limevaa. Alilingoja lipite.

"Sijui," akasema.

Mkawasi aliinua kichwa. Akaja akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Unaumwa?"

"Hapana. Sijui kama ni sawa, Mama Mghoi. Tumwite fundi. Na tusiunganishe kitu mpaka fyuzi iwepo."

Mkawasi akachukua simu, akasogea kidogo, akampigia fundi wa umeme na kuongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba yai. Fundi alikubali kuja jioni. Mkawasi aliporudi, macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na ili asionekane akainama tena chini ya boneti na kujifanya anakagua betri mpya.

"Hebu njoo," akasema.

Kwenye kitako cha chuma, chini ya betri, kulikuwa na kipande cha andazi. Bado lilikuwa laini. Nyumbani kwao hakuna aliyekaanga maandazi wiki ile, na mtoto alikuwa kwa nyanya yake. Mkawasi alilichukua kwa ncha za vidole akaligeuzageuza juani. Lilikuwa limeumwa upande mmoja, na alama za meno zilikuwa za mraba, zimepangana sawasawa kwa duara, kila moja ikiwa na utepe mwembamba wa oili.

"Nani ameuma hili?" akauliza.

Mwandoe alilitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliulizwa swali ambalo jibu lake alilijua kwa hakika kabisa, na hakuweza kufungua mdomo.