Kuku Waliokula Maua ya Wafu

Kosa lilikuwa langu, tena la kujivuna. Kuku sitini wa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia niliwalisha mahindi meupe, yale yale tunayosagia chapati zetu. Mahindi ya njano kijijini kwetu ni ya nguruwe, nami nilisema kuku wa mtakatifu hawatakula cha nguruwe.

Wiki ya kuwakumbuka wafu ilipoingia, mwanzoni mwa Novemba, nilichinja mmoja kumjaribu. Ngozi ilikuwa nyeupe pe, na mafuta kama ya mshumaa. Shoga yangu Rutilia alimgeuzageuza, kisha akaniuliza kama nilimchinja au nilimkuta amekufa. Kwetu kuku mweupe ni kuku mgonjwa, na hakuna mpishi wa mole, ule mchuzi wetu mzito wa sikukuu, atakayemtia chunguni.

Tena sikukuu haikuwa yangu. Mzigo wa kulisha kijiji aliapa kuubeba babamkwe, mzee Filogonio, mbele ya altare, akafa mwezi wa nne kabla hajautua. Mjane wake, mamamkwe Eduviges, aliomba kitu kimoja tu: siku hiyo jina la mumewe lisitajwe kwa kicheko. Zilibaki siku ishirini kufika sikukuu.

Rutilia alinikumbusha walivyofanya wazee: petali za maua ya wafu, yale ya rangi ya machungwa, zikaushwe kivulini, zitwangwe pamoja na oregano ya mlimani, zichanganywe na chakula cha kuku, ngozi ipate rangi. Petali tulikuwa nazo tele. Lakini ndizo tulizomwaga kutoka langoni hadi meza ya sadaka, ili roho ya mzee iione njia, ikiwa ni mara yake ya kwanza kurudi nyumbani. Nilijikaza nikamwambia mamamkwe.

"Njia ya mume wangu unataka kuwapa kuku?"

"Ameshapita, Mama. Harufu kaichukua, kama alivyochukua ladha ya mkate."

Chakula cha jioni hakukigusa. Asubuhi nilimkuta uani ameinama na ufagio, anakusanya petali na kunung'unika kwamba wakwe wa siku hizi hata kuanika maua hawajui.

Tuliwalisha pamoja, yeye akipima kwa kiganja chake mwenyewe.

Siku ya kuchinja tulikuwa wanawake kumi na wawili. Kuku wa kwanza alipotoka kwenye maji ya moto, nikavuta manyoya. Chini yake ngozi ilikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai, kuanzia shingoni hadi kuchani. Nimefuga kuku miaka ishirini na sikujua kwamba ua kavu linaweza kuingia ndani ya kiumbe hai, likapita kwenye damu yake, likachanua upya juu ya mwili. Niliogopa, nasema kweli, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Hata Rutilia, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliishia kufanya ishara ya msalaba.

Supu ilipochemka, mafuta yalielea juu kama macho ya dhahabu. Mamamkwe alionja kijiko kimoja, akatafuna kipande cha nyama polepole, akakaa chini.

"Nilidhani njia yake inaishia mezani," alisema. "Kumbe amefika mpaka jikoni."

Bakuli la kwanza aliliweka mbele ya kiti cha mzee. Kijiji kizima kilingoja limalize kutoa mvuke, ndipo tukaanza kula.