Kucha za Kitanda cha Tisa

Kila Jumatatu, chai ikishanywewa, mhudumu wa wodi ya wanawake wenye ugonjwa wa ini alizunguka na mkasi wa kucha, beseni la maji ya vuguvugu na kopo tupu la maziwa ya unga. Wagonjwa walikuwa wakijikuna mpaka damu, kwa hiyo ilikuwa amri wakatwe kucha. Alianza kitanda cha dirishani, akamalizia cha thelathini, kando ya choo. Hakuwa na haraka, maana wengine ngozi yao ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kucha za wengi zilitulia ndani ya kopo kama kucha yoyote. Za wengine ziliendelea kukuna. Zilikwangua bati, kwaru, kwaru, mpaka kama saa sita mchana, ndipo zikachoka. Mhudumu aliinamisha sikio baada ya kila kitanda ili ajue ni za nani, kwa sababu hao aliwapaka mafuta mengi zaidi. Katika wagonjwa thelathini, zilikuna za kumi na wawili. Wiki nyingine kumi na mmoja, nyingine kumi na watatu.

Muuguzi mkuu alimweleza bila kuficha. Hao nyongo yao imekwama kwenye ini. Badala ya kuteremka tumboni inarudi kwenye damu, na mwili unawasha. Macho huja kugeuka manjano baadaye, pengine miezi imepita.

Lakini ubao wa mlangoni ulisema: Nyongo kukwama, wanne. Kipimo cha nyongo kiliandikwa kwa mwenye macho ya manjano tu, na dawa ilitolewa kwa mwenye kipimo.

Kwenye kitanda cha tisa alilala dada mkubwa wa mhudumu, mshona mapazia. Macho yake yalikuwa meupe pe. Kucha zake zilikuna kuliko za wodi nzima.

"Polepole, we," dada alisema. "Tangu utotoni hujui kukata kucha."

"Tulia basi, dada. Unarukaruka kama kuku."

"Nikune nyayo, mdogo wangu. Siafu wanahama humu ndani, na mizigo yao yote." Alisugua kisigino kwenye shuka. "Nataka kulala tu. Hata usingizi wa paka."

Mhudumu alimvika soksi mikononi, akachukua kopo, akaenda kwa daktari. Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza.

"Ni nyongo," alisema. "Hapa hakuna ubishi."

"Basi mwandikie kipimo, daktari. Apate na ile dawa ya unga ya kutuliza muwasho, alale."

Daktari aliigeuza fomu ili naye aione. "Hapa wanauliza rangi ya macho. Ya dada yako ni meupe."

"Na kucha?"

"Kucha hazina pa kuandikwa, mama."

Akamwandikia mgonjwa sabuni isiyo na harufu.

Kutoka hapo alipita kwa mtunza takwimu, ambaye wodini walimwita Baba Hesabu. Naye alisikiliza, akahesabu kwa vidole.

"Kumi na wawili, nimesikia vizuri. Sasa nikiandika kumi na wawili, wataniuliza vipimo viko wapi."

"Si waandikiwe vipimo?"

"Hilo ni la daktari."

"Daktari anasema ni la fomu."

"Basi unaona mwenyewe, mama."

Wiki iliyofuata walitarajiwa wakaguzi, na stoo ikampa mhudumu mfuniko wa kopo wenye sponji kwa ndani. Ulikaa sawasawa. Wakaguzi hawakusumbuliwa na kelele.

Dada alimaliza wiki tatu akilala kwa vipande. Alikonda, akaacha kutania. Alhamisi jioni macho yake yaligeuka manjano, na muuguzi mkuu akakimbilia kalamu. Kipimo kikaandikwa, dawa ikaidhinishwa. Ijumaa asubuhi Baba Hesabu alifuta wanne kwenye ubao, akaandika watano kwa mwandiko mzuri.

Kabla ya saa nne dada alitapika damu. Saa tano alifumba macho, akalala kweli.

Dawa ilifika saa nane mchana. Baba Hesabu alikuwa amekwisha kupita, kwa sababu marehemu hahesabiwi na wagonjwa, na ubao ulisema wanne. Alimpa mhudumu pole kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na machozi.

Mhudumu aliikunja shuka ya dada yake, kisha akalipeleka boksi la dawa stoo, kama ilivyotakiwa. Hakulikabidhi mara moja.

"Kuna mama kitanda cha kumi na nne," alimwambia mtunza dawa. "Mwezi wa pili huu hajalala. Mpe yeye."

"Macho yake yakoje?"

Mhudumu angeweza kusema uongo. Alikuwa amechoka, na hakuwahi kuuzoea.

"Meupe," alisema.

Mtunza dawa alimvutia kiti, akamwekea glasi ya maji, kisha akalirudisha boksi kabatini na kufunga kwa ufunguo.