Kurasa Kumi na Mbili za Ushauri

Baba aliiweka kadi yangu ya chanjo mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemtengea mgeni sahani, kisha akarudi nyuma hatua moja ili niione vizuri. Ilikuwa inang'aa. Plastiki ngumu ilikuwa imeifunika pembe hadi pembe, bila kiputo hata kimoja, na muhuri wa kliniki ulionekana ndani yake kama jani lililozama katika maji yaliyotulia.

"Sasa hata mvua ya huko ikikukuta," alisema, "haina la kukufanya."

Zilikuwa zimebaki siku tano nipande ndege kwenda Bangkok, kwenye kongamano la wanafunzi kuhusu mito inayopita mijini. Mimi, binti wa muuza vipuri vya baiskeli wa Mafubira, Jinja, nilichaguliwa kuzungumzia mto unaopita Nabuyonga, mtaa wa Mbale ninakopanga chumba karibu na chuo. Waandaaji walikuwa wamenitumia kurasa kumi na mbili za ushauri kwa wasafiri, nami nikazisoma hadi zikakaa kichwani: umbo la soketi za umeme, namna ya kuwajibu maofisa wa uhamiaji, mavazi ya kuingilia mahali pa ibada. Niliwashauri wenzangu chuoni kana kwamba nilishakwenda na kurudi. Ukurasa wa nne, kwa herufi nzito, ulisema kadi ya homa ya manjano isifunikwe kwa plastiki, kwa kuwa mkaguzi hutaka kuugusa muhuri wenyewe.

Kwetu, karatasi si mali ya yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Karatasi huishi katika sanduku la bati chini ya kitanda cha Baba. Hati ya kiwanja, vyeti vyangu vyote tangu darasa la saba, hata risiti ya redio iliyokwisha kufa: zote zimevishwa plastiki katika duka la fotokopi lililo njia panda. Ndivyo watu wetu wanavyoiheshimu karatasi. Kuiacha wazi ni sawa na kumpeleka mtoto harusini bila viatu. Nilipofika Jinja kuaga, nilimkabidhi Baba kadi yangu kama nilivyozoea, nikaenda kuwasalimu shangazi zangu.

"Baba," nilisema, "umeniharibia safari."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Baba aliitazama kadi, akanitazama mimi. Mlangoni, jirani yetu Afande Semei alikohoa juu ya kikombe chake cha chai. Yeye ni sajini mstaafu aliyewahi kupelekwa Mogadishu kulinda amani, na tangu aliporudi ndiye waziri wa mambo ya nje wa kichochoro chetu.

"Kosa ni yangu, Rahmah," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi ndiyo nilimwambia. Huko nje, karatasi ndiyo bunduki yako. Sasa nani anaacha bunduki inyeshewe?"

"Bunduki hii imezibwa mdomo, Afande."

Semei alicheka. Baba hakucheka. "Chuma kisichopakwa mafuta huliwa na kutu," alisema taratibu. "Nilidhani karatasi nayo ni vivyo hivyo."

Nilijaribu kuibandua plastiki kwa wembe. Utando wa karatasi ukanyanyuka nayo, nikaacha. Kuchanjwa upya kusingenifaa, kwa maana chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, nami nilikuwa na tano. Ilibaki njia moja: kliniki ya Mbale, karibu na eneo la viwanda, iliyonichanja mwezi Machi. Kama jina langu lilikuwamo katika rejista yao, wangeweza kuniandikia kadi nyingine yenye tarehe ileile.

"Kesho nitakwenda," nilisema.

"Tutakwenda," Baba alisema. Kesho yake hakufungua kibanda chake, ingawa ilikuwa siku ya gulio.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Nambozo, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliigeuza kadi mara mbili, akasonya.

"Nani ameizika hii ikiwa hai?"

Baba alisimama kutoka kwenye benchi kama mtu aliyeitwa kizimbani. "Ni mimi, musawo," alisema, kwa neno letu la kumwitia mganga.

"Keti, mzee wangu. Wewe ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alivisha hadi pasipoti." Alitabasamu, kisha tabasamu likatoweka. "Ila siwezi kunakili kutoka kwenye plastiki. Sisi hunakili kutoka kwenye rejista."

Alileta kitabu kinene, akafunua hadi Machi. Paa lilivuja wakati wa masika. Kurasa zilikuwa zimevimba kama mkate uliotoswa ndani ya chai. Jina langu lilikuwapo. Tarehe ilikuwapo, na saini pia. Lakini mahali pa namba ya chanjo palibaki wingu la buluu.

"Bila namba hii, kadi si kadi," alisema.

Nambozo alikitazama kitabu, akaitazama kadi yetu iliyozikwa, kisha akaiinua kuelekea mwanga wa dirishani. Namba ilisomeka yote. Maji hayakuwa yameifikia. Akailaza kando ya ule mstari uliolowa, kama mtu anayeunganisha vipande viwili vya sahani.

"Jina na tarehe ninavyo hapa, namba ninayo pale, na saini ni yangu. Lakini hili ataliamua daktari mkuu. Yuko mkutanoni hadi saa tisa."

"Atakubali?"

"Ni mtu wa haki. Ila anaiogopa kalamu yake mwenyewe."

Tukakaa. Baba alikuwa ameunganisha vidole vyake, kucha zikiwa bado na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Nilizitoa zile kurasa za ushauri ili nisione mikono hiyo, na hapo ndipo aibu iliponikuta. Wenzangu wote chuoni walikuwa wamesomewa ushauri ule. Mtu mmoja tu, yule anayetunza karatasi zangu, hakusomewa hata mstari mmoja. Nilimnyima neno, kisha nikamhukumu kwa kutolifuata.

"Nikusomee, Baba?"

"Soma."

Nilimfasiria ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza kama asikilizavyo masharti ya mwenye duka la jumla: akinikatiza, akinirudisha nyuma, akitaka kujua mkaguzi wa mizigo anatafuta nini hasa. Nilipofika panapoonya kwamba mgeni asimguse mtu kichwani, alinigeukia.

"Kwani ni nani huenda ugenini akaanza kushika watu vichwa?"

Nikacheka. Naye akacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Neno nililokuambia jana, Baba..."

"Lilikuwa neno la mtu aliyeshikwa na hofu," alisema. "Endelea. Umeishia vichwani."

Saa tisa na nusu daktari alirejea. Mlango ulifungwa, tukaisikia sauti ya Nambozo ikieleza, ikinyamaza, ikieleza tena. Dakika ishirini baadaye alitoka ameshika kadi mpya, ya manjano, isiyo na kitu juu yake, wino wa muhuri ukiwa bado mbichi. Kwa heshima ya umri alimnyooshea Baba.

Baba akaificha mikono yake nyuma ya kanzu.

"Mpe yeye," alisema. "Mimi sina mkono mzuri."

"Mpe Baba, musawo," nilisema. "Karatasi zetu ni yeye anayezitunza."

Baba akaitoa mikono. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaipuliza pale penye muhuri, akaendelea kuipuliza hata baada ya wino kukauka.

Nje, mvua ilikuwa ikijikusanya juu ya mlima ulio nyuma ya mji. Tulikaa kwenye ngazi za kliniki, na Baba akaonekana kutafuta namna ya kusema jambo.

"Kurasa zile ni nzuri," alisema. "Lakini zote ni za anayekwenda. Za anayebaki ziko wapi?"

Nikafungua daftari langu mahali peupe, nikashika kalamu.

"Nitajie, Baba. Nitaziandika."

Lori la mifuko ya unga likapita, vumbi likainuka na kutua.

"Andika hivi," alisema. "Mtoto akifika, asiseme tu kwamba amefika. Aseme amekula nini."

Nikaandika.

"Na ni nani aliyekaa karibu naye," alisema, akingoja kalamu yangu imfikie.