Kitanda Kinachotafuna

Miaka saba nimeolewa, na miaka yote saba mama mkwe ananiita "mke wa mwanangu". Useremala wangu hautambui kabisa. Kiti chake kikivunjika, anamwita fundi wa mtaa wa pili, mimi nikiwa nimesimama palepale na nyundo mkononi. Inaniuma, sifichi.

Kwa hiyo alipotaka kitanda, nilijitosa. Nilichagua mfenesi, kwa ile rangi yake ya manjano, na ubao wa kichwani nikauachia magome ukingoni kwa urembo. Karakanani kwangu gogo humenywa magome siku linapoingia. Kanuni hiyo nimeibandika ukutani mimi mwenyewe. Gogo hilo la mfenesi lilikaa uani wiki tatu na magome yake. Nikajiambia, mara hii moja tu.

Mwaka haujaisha tangu nimpelekee kitanda, simu ikalia asubuhi.

"Mke wa mwanangu, kitanda chako kinatafuna."

"Kinatafuna nini, mama?"

"Ningejua si ningekuwa fundi?"

Nilifika mbio na zana zangu. Foronya ilikuwa na unga wa mbao. Nikatega sikio kwenye ubao: kra, kra, kra. Nilikuwa na uongo tayari, kwamba muuza mbao kanipa gogo bovu. Nikafungua kinywa, na kwenye tundu jipya akachungulia mbawakawa, vipapasio vyake virefu kuliko mwili wake, akivipunga huku na huku kama mgeni anayetafuta mwenyeji. Uongo ukanikauka mdomoni.

"Kosa ni langu, mama. Mbawakawa huyu hutaga kwenye nyufa za magome, ya mfenesi, ya mwembe, hata ya mtini. Mabuu yake ndiyo yanayotafuna humo ndani. Nilipaswa kumenya, nikaendekeza urembo. Ubao huu naung'oa leo."

Alimtazama mdudu, akanitazama mimi. Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa.

"Mwenzio nilidhani marehemu baba mkwe wako karudi kukoroma. Nilishaanza kumwambia ageuke upande wa pili!"

Jirani yake alisikia kicheko, akachungulia mlangoni.

"Kitanda kimeharibika? Nimwite fundi wa mtaa wa pili?"

"Wa kazi gani?" mama mkwe akajibu, akijifuta machozi. "Fundi si huyu hapa?"

Nikainamia patasi haraka. Macho yalinijaa, nikasingizia unga.