Alichokiuliza Mama Mdogo

Bwanausi, mtendaji wa kata moja upande wa Mapinga, alirudi kutoka semina ya uongozi Beijing akiwa mtu mwingine. Wiki mbili tu, lakini kila kikao akawa anaanza na "Kule China."

Siku ya mkutano wa kutenga eneo la viwanda, alikuwepo pia mgeni, Bi Qiu, mtafiti wa Kichina aliyejifunzia Kiswahili Unguja. Ramani ilipobandikwa ukutani, Bi Zuwena, mdogo wake mama yake Bwanausi, akasimama.

"Mwanangu, makaburi yetu yamo ndani ya huo mstari au yako nje?"

Bwanausi hakujua. Ramani ililetwa juzi, na yeye hakuisoma.

"Mama mdogo, kaa. Kule China kiongozi akisema, watu wanatekeleza. Ndiyo maana leo dunia nzima inawapigia hodi. Sisi tumebaki na maswali."

Watu wakacheka. Bi Zuwena akajifunika vizuri kanga yake, akakaa.

Mkutano ulipokwisha, Bi Qiu alimfuata Bwanausi.

"Yule mama hujamjibu."

"Nimemjibu. Nimesema mnavyofanya kwenu."

"Kwetu?" Mgeni akamgeukia. "Bibi yangu aliandika barua miaka saba kuhusu shamba lake. Alikwenda mpaka mji mkuu, akarudishwa. Mashamba yetu pia yana wenyewe, bwana. Hilo hawakuwaambia kwenye semina?"

Bwanausi aliona aibu mbele ya mgeni, kisha akaona aibu kubwa zaidi, kwamba ilibidi mgeni amwambie.

Alirudi ukutani peke yake, akaifuatisha ramani kwa kidole. Makaburi yote yalikuwa ndani ya mstari. Na la mama yake mzazi.

Jioni ile alikwenda kwa Bi Zuwena.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mheshimiwa."

Bi Zuwena hakuwahi kumwita hivyo tangu azaliwe. Bwanausi alisimama kizingitini. Akasema, "Yamo ndani. Sikuwa nimesoma. Nisamehe."

"Mimi umeniambia hapa mlangoni," alisema Bi Zuwena. "Kunikalisha ulinikalisha mbele za watu."

Ijumaa, baada ya swala, Bwanausi alisimama nje ya msikiti akayarudia maneno yale. Hakuna aliyecheka. Barua ya kuomba mstari usogezwe ameipeleka wilayani, majibu bado. Na Bi Zuwena angali anamwita mheshimiwa.