Aliyegonga Mlango wa Jabez

Jumapili iliyopita alikuja kanisani kwetu Thornshaw mmisionari mmoja, shingo nyekundu kwa jua la Afrika, na taa yake ya picha. Walitundika shuka mbele ya mimbari. Tukaonyeshwa mito, tukaonyeshwa watoto, halafu akatokea mzee aliyevaa ngozi, kifuani ananing'iniza pembe na vichupa.

"Na huyu sasa," mmisionari akasema, "ndiye daktari wa wachawi."

Kanisa zima likacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa miaka arobaini na miwili tangu nilisikie jina hilo likitajwa hadharani, na mara ya mwisho lilikuwa jina la baba yangu.

Vijana wa siku hizi wakilisikia wanadhani ni mchawi aliyejipachika udaktari. Enzi zetu hapa Lancashire lilikuwa na maana moja tu, daktari wa waliorogwa, kama vile daktari wa meno alivyo wa wenye meno mabovu. Hakuna mtu anayedhani daktari wa meno ni jino! Babu yangu aliyefanya kazi ileile aliitwa Mjuzi, basi. Jina la daktari wa wachawi lilishika wakati wa baba, Jabez Entwistle, naye alilipenda kupita kiasi kwa sababu ya ule udaktari uliomo ndani yake. Siku za soko alitembea kifua mbele. Wenye ng'ombe waliokauka maziwa, wenye watoto wa kuangukaanguka, hata mke wa mchungaji siagi ilipokataa kuganda, wote walikuja kwetu, na wanaume walivua kofia kabla ya kuvuka kizingiti. Sasa wajukuu wa wanaume haohao walikuwa wamekaa mbele yangu wakijishika mbavu.

Mbele yangu, benchi la pili, alikaa Alice Greenhalgh. Naye alikuwa anacheka, mabega yakitikisika ndani ya shali nyeusi. Alice yu hai kwa sababu ya siku moja ya ujana wetu, na dada yangu Dorcas alikufa siku ileile. Dorcas aliniuliza swali moja, nami sikumjibu. Nimezeeka nikilibeba swali hilo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa mchana wa mwezi wa pili, theluji imefunika kuta za mawe huko nyikani hata kondoo hawaonekani. Alice aliletwa kwetu juu ya mkokoteni wa majani makavu, amezungushiwa mablanketi, na mama yake Hannah kando. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mzuri, na tangu Krismasi alikuwa anaanguka, meno yanakazana, povu linamtoka. Daktari wa mjini alishamtoa damu mara tatu akaondoka zake.

"Mzee Jabez," Hannah alisema, "nimebaki na wewe tu. Ukishindwa, nikachimbe kaburi."

"Sijashindwa bado, mama. Mkojo wake umeuleta?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkojo wa mgonjwa unatiwa ndani ya chupa ya udongo pamoja na pini, misumari, na nywele zake kidogo. Chupa inazibwa, inafukiwa kwenye makaa. Mlango unakomewa. Tangu hapo hakuna kusema neno, hakuna kufungua, mpaka chupa ipasuke yenyewe, kwa sababu kadiri inavyochemka, ndivyo mchawi anavyochomwa tumboni huko aliko, na atakuja mbio kuomba afunguliwe. Atakuja na kisingizio chochote, kuazima moto, chumvi, hata chembe ya unga. Anaweza kuja na sauti ya mtu unayempenda. Ukimjibu, mgonjwa anakufa. Anayegonga ndiye.

Hayo yote nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kulinda komeo. Nikaweka kigoda mlangoni, nikakaa, nina mafua makali, leso imelowa.

Chupa ilianza kunguruma. Alice amelala kwenye kochi la mbao, macho juu. Hannah anasali bila sauti. Baba amepiga magoti mbele ya meko, uso umeiva kwa joto.

Mlango ukagongwa.

Hannah alishtuka akashika moyo. Baba aliinua kidole bila kugeuka. Ukagongwa tena, kwa kiganja.

"Baba! Ni mimi. Nifungulie, sijisikii vizuri."

Ilikuwa sauti ya Dorcas. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya nyika, maili tatu, na mume wake Seth alikuwa kiwandani mjini wiki nzima. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimtazama baba. Nilimwona akifumba macho, na midomo yake ikasema bila sauti, "Si yeye." Hata leo sijui kama alikuwa ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe.

"Baba, natoka damu. Nimetembea toka asubuhi. Jamani!"

Nikavuta kamasi. Sikukusudia, pua ilikuwa inachuruzika.

Nje kikasikika kicheko chembamba cha mtu aliyechoka. "We Pua! Nakusikia unavuta makamasi humo. Acha utani, fungua."

Pua ni jina alilonipa yeye tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, na hakuna mwingine aliyelijua. Tungeona aibu kulitaja mbele ya watu. Mchawi anaweza kuazima sauti, lakini lile jina angelitoa wapi? Nilijua. Nasema wazi leo, nilijua kabisa kwamba ni Dorcas. Mkono wangu ulishafika kwenye komeo. Hannah akaruka akanikamata kifundo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa, ananionyesha binti yake. Nami nikamtazama Alice, nikamtazama baba mgongoni, nikaondoa mkono wangu. Nikaishika pua yangu nisisikike tena.

"Pua?" Dorcas alisema. Mara moja tu. Hakugonga tena.

Nilijiambia ameenda kwa jirani. Jirani wa karibu alikuwa robo maili, kwenye theluji ya magoti. Tulikaa muda wa kuoka mikate, hivi, ndipo chupa ikapasuka, misumari ikaruka mpaka kwenye kuta. Alice alipiga kelele moja, akalegea, akaomba maji. Hannah akaanguka kifuani kwake akilia kwa furaha.

Nikafungua mlango. Dada yangu alikuwa amekaa kizingitini, ameegemea nguzo, theluji mapajani, na chini yake theluji nyekundu. Alinitazama kama mtu anayeamshwa usingizini.

"Kumbe mlikuwepo?" akaniuliza.

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. Nikampisha baba apite. Baba akamwinua akamlaza karibu na yale makaa, akamwita, akamsugua miguu, akamwita. Kabla giza halijaingia alikwisha kufa, yeye na mtoto wake.

Hannah alikuwa bado hajaondoka. Alirudi nyuma ukutani, akamkumbatia Alice, akasema kwa sauti ndogo, "Aliyegonga ndiye."

Siku mbili zilitosha, bonde zima likawa linasema hivyo. Na ushahidi walikuwa nao: Dorcas kafa, Alice kapona, hajaanguka tena. Makaburini watu walisimama mbali na jeneza. Hapo ndipo baba alipoivua kofia yake, yeye aliyezoea kuvuliwa.

"Mwanangu hakumroga mtu," alisema. "Chupa ni uongo. Nilifundishwa uongo nikawafundisha. Mwulizeni Keziah, alikuwa mlangoni, aliijua sauti ya dada yake. Sema, mwanangu."

Watu wote wakanigeukia. Kusema ndiyo ilikuwa kumsafisha Dorcas. Pia ilikuwa kukiri kwamba nilimjua na nikamwacha. Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza.

"Kama chupa ni uongo," mtu mmoja akauliza, "wewe uliyekuwa unatupikia chupa hizo ni nani, basi?"

Tangu siku ile hawakumwita kwa heshima tena. Lile jina alilolipenda watoto walilipiga kelele nyuma yake pamoja na madongo ya tope, wakilitamka mchawi kwa nguvu na daktari kwa kebehi. Alikufa mwaka wa tatu. Halafu jina likanyamaziwa, mpaka Jumapili iliyopita liliporudi kwetu na meli likiwa limevalishwa ngozi, na watu wangu wakalicheka kama kitu cha mbali. Nilimhurumia yule mzee wa kwenye shuka. Sijui kwao wanamwitaje. Nilijua tu kwamba kuna mtu anamwita baba.

Mmisionari alifurahi kuona tumechangamka. "Haya, kuna yeyote hapa amewahi kumwona daktari wa wachawi akifanya kazi yake?"

Vicheko tena. Nikainua mkono.

"Mama? Umefika Afrika?"

"Sijafika hata Liverpool," nikasema, nikasimama. "Alikuwa Jabez Entwistle, baba yangu. Mgonjwa alipona, anajijua. Aliyegonga alikuwa dada yangu Dorcas, anatoka damu, akaniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hakuwa mchawi. Nilimjua, na komeo lilikuwa mkononi mwangu."

Mabega ya Alice yalikuwa yametulia. Hakugeuka. Mmisionari alikohoa, akazima taa, shuka likabaki jeupe tupu, nami bado nimesimama nikitafuta pa kulielekeza jibu langu.

"Nilikuwepo, Dorcas," nikasema. "Nilikuwepo."