Kadi ya Mwisho Hekaluni Otsu

Nilimkuta Kinue ameshafika, ananawa mikono kwenye birika la mawe chini ya ngazi za hekalu.

"Bado upo, dada Misao? Nilidhani magoti yameshakustaafisha."

"Magoti yangu hayajakuomba dawa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Miaka mitatu nyuma, humuhumu hekaluni, mikono yetu ilifika pamoja kwenye kadi, naye akasema, "Yangu hiyo." Mashindano yetu ya kadi za mashairi hayana mwamuzi kwa kila jozi, wachezaji wenyewe huelewana. Nilimpisha kwa adabu, nikashindwa, na tangu siku hiyo naamini aliniibia. Leo tumekutana fainali, na mshindi anapanda daraja la kwanza. Mwezi ujao napasuliwa goti, na daktari ameshaniambia kupiga magoti basi, na mchezo huu huchezwa kwa magoti mkekani. Kwangu hakuna mwaka mwingine.

Msomaji alighani mwanzo wa shairi, nasi tukarukia kadi yenye mwisho wake, tukaifagia kwa kiganja. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake kuliko kwenye kadi. Mara mbili tuligongana, na mara mbili akasema, "Chukua, yako."

Ukarimu huo ulinichukiza. Kinue wa kutoa bure? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilijua ananilainisha ili aje adai kadi ya maana.

Tukabaki na kadi moja moja kila upande; atakayewahi itakayosomwa ndiye mshindi. Ikasomwa ya upande wake. Tuliipiga ikaruka hadi ukutani, na chini ya kiganja changu nikahisi vidole vyake vimeshatangulia.

Akanitazama. "Nani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri.

"Mimi."

Aliinama hadi paji la uso likakaribia mkeka, kama ilivyo desturi. Tulipokuwa tunakusanya kadi akasema polepole, "Siku ile, dada, sikujua nani alitangulia. Nilidhani mimi. Miaka mitatu najiuliza kama nilikudhulumu."

"Yamepita hayo."

"Mimi sikujua," akarudia, akifunga sanduku la kadi. "Wewe leo unajua."

Jina langu likaitwa pamoja na daraja langu jipya. Nikajiinua kwa goti bovu, aibu imenijaa mpaka masikioni, nikaenda kupokea daraja.